"Bon, basi" si mwisho wa simu: kuwapigia wazee wa Kabalo siku za Noeli na Bonane

Katika kozi ya uchanganuzi wa mazungumzo kila mmoja wetu alitakiwa kukusanya data ndogo ya mazungumzo halisi, kuiandika neno kwa neno, na kuitolea ripoti. Wenzangu wengi walikwenda sokoni na kwenye vituo vya teksi. Mimi nilichagua simu, na sababu yangu ya kwanza ilikuwa uvivu: ilikuwa likizo ya Noeli, nilikuwa nimebaki Lubumbashi, na hata pasipo kozi ningempigia bibi yangu aliyeko Kabalo. Niliona nitafanya kazi mbili kwa uniti zile zile. Makala haya yametokana na ripoti hiyo, lakini yamekwenda mahali ambapo ripoti haikufika, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote katika data yangu nililigundua baada ya kupewa alama.

Data yenyewe ni simu saba, kuanzia tarehe 24 Desemba hadi katikati ya Januari. Bibi yangu alikubali nimrekodi. Alipoelezwa aliuliza swali ambalo ningependa liwekwe kwenye fomu za ridhaa za kitivo chetu: "Maneno yangu inaenda wapi?" Nikamjibu kwamba yanakwenda kwa mwalimu, na kama mwalimu akiyapenda, kwa wanafunzi wengine. Akasema sawa, ila ugomvi wa shamba usiingie. Haumo.

Wasiopajua Kabalo wanahitaji maelezo kidogo, maana mahali penyewe pameingia katika namna ya kuzungumza. Kabalo iko ukingoni mwa mto Lualaba, katika mkoa wa Tanganyika, na ni njia panda ya reli. Reli ya kutoka Kalemie ilifika mtoni mwaka 1915. Upande wa kusini, Kabalo iliungana na Kamina mwaka 1956, ndiyo maana mtu wa Lubumbashi anaweza kufika kwetu kwa treni, akiwa na fedha, subira na chakula cha njiani. Tawi jingine linaelekea Kongolo na Kindu. Mji wa namna hii umezoea habari zinazosafiri na watu. Kabla ya simu za mkononi salamu zilipelekwa na abiria: "Ukifika, umwambie fulani tuko wazima." Abiria hakubeba habari tupu. Alibeba salamu kwanza, akazikabidhi moja moja kwa kila aliyetajwa, na habari ilitoka baadaye, akishakaa na kunywa maji.

Bibi yangu, ambaye tangu hapa nitamwita Kambo kama tunavyomwita nyumbani, alikulia katika utaratibu huo. Lugha yake ya kwanza ni Kiluba. Kiswahili chake ni kile cha reli na soko, chenye "batoto" na "beko" na "njo", kile ambacho wageni wakisikia hutusahihisha. Nimekiandika kama kinavyosemwa. Anayetaka kukisahihisha anajua mlango wa kitivo ulipo.

Simu si yake. Ni ya binti wa jirani, ambaye huweka spika na kuishika mbele ya mdomo wa Kambo, karibu na reli ambako mtandao unashika vizuri zaidi. Kwa hiyo mazungumzo yetu hayakuwa ya watu wawili hata siku moja, na vitabu vyetu vya kozi havina la kutuambia kuhusu mtu wa tatu huyu. Huyo binti hufupisha. Kambo akitumia nusu dakika kueleza jambo kwa Kiluba, binti hunitafsiria kwa maneno manne: "Anasema hakuna kintu." Simlaumu. Simu ni yake, na chaji ameilipia kwa mwenye paneli ya jua.

Sasa nadharia, kwa ufupi. Emanuel Schegloff, kuanzia makala yake ya mwaka 1968, alichambua namna simu zinavyofunguliwa: mlio wa simu ni wito, "halo" ni jibu la wito, kisha watu hutambuana, husalimiana, huulizana hali, ndipo anayepiga hutaja sababu ya kupiga. Tusisahau kwamba alianza na simu zilizopigwa kituo cha polisi nchini Marekani. Anayepiga polisi ana haraka. Anayempigia Kambo hana ruhusa ya kuwa na haraka.

Nilihesabu. Katika simu ya tarehe 24 Desemba, kabla ya jambo lolote linaloweza kuitwa habari, kulikuwa na zamu ishirini na mbili za salamu. Nimeulizwa hali yangu, hali ya wenzangu wa chumba, hali ya mama mwenye nyumba ambaye Kambo hajawahi kumwona, hali ya mvua ya Lubumbashi. Malinowski mwaka 1923 aliita maneno ya aina hii mazungumzo ya kujenga ushirika tu, maneno ambayo kazi yake ni kuwafunga watu pamoja wala si kupeleka taarifa. Katika ripoti yangu nilimfuata moja kwa moja. Niliandika kwamba salamu za wazee ni fatiki, kwamba habari huanza baada yake, na kwamba kijana mwenye uniti chache huzifupisha bila kupoteza taarifa. Sentensi hiyo ya mwisho ninayo bado. Mwalimu aliiwekea alama ya vema.

Hii hapa ni simu ya tarehe 25 Desemba, sehemu ya mwisho. Nilikuwa na uniti za dakika tano hivi, na nilikuwa na watu wengine watatu wa kuwatakia Noeli njema.

Mimi: Mulikula nini leo?
Kambo: Tulikula kuku. Mujomba yako alikuya.
Mimi: Muzuri sana. Mwambie jambo.
Kambo: Nitamwambia.
Mimi: Bon, basi, kambo.
Kambo: Basi.
(kimya, kama sekunde moja)
Kambo: Tena...

Hapo simu inakatika. Mtandao haukuwa na kosa, wala uniti hazikuwa zimekwisha. Niliikata mimi. Katika ripoti niliandika: "mazungumzo yanafungwa kwa jozi ya *basi* – *basi*." Lile "tena" sikuliandika kabisa. Nililisikia kama mkia wa sauti, kitu cha kusafishwa wakati wa kunakili. Wanaofanya kazi ya kunakili rekodi wataelewa jinsi tunavyosafisha.

Tarehe 1 Januari nilipiga tena, nikiwa na uniti nyingi, kwa sababu Bonane ni Bonane na mjukuu hapigi simu ya dakika tatu siku hiyo. Kambo alifungua kwa utani. Kwetu, kama kwa jamii nyingi za Kibantu, bibi na mjukuu wa kiume hutaniana kama mke na mume. Ananiita "bwana yangu", huniuliza kama nimeoa mwingine huko mjini, na siku ya mwaka mpya hudai zawadi yake: "Bonane yangu iko wapi?" Nilikuwa nimeituma kwa simu asubuhi hiyo, na binti wa jirani alikuwa amekwisha kumsomea ujumbe, lakini swali lazima liulizwe. Tulicheka. Tukapita kwa watu wote, walio hai na wale wanaotajwa tu. Halafu nikaanza kuaga.

Mimi: Bon, basi, kambo. Bonane.
Kambo: Bonane. Basi.
(kimya, karibu sekunde tatu)
Kambo: Tena macho inaisha.
Mimi: Namna gani?
Kambo: Macho. Inaisha. Hii ya kushoto, njo nalikuwa nasema.

"Njo nalikuwa nasema." Ndilo nililokuwa nikisema. Lini? Sikumbuki akisema. Ilibidi nirudi kwenye rekodi ya Noeli, na pale mwishoni, baada ya kimya cha sekunde moja, nikalikuta "tena" likinisubiri.

Niliposoma upya fasihi ya uwanja huu niliona kwamba jambo hili limeandikwa tangu mwaka 1973, na lilikuwa katika orodha yetu ya kusoma. Schegloff na Harvey Sacks, katika makala yao kuhusu kufunga mazungumzo, wanaonyesha kwamba mazungumzo hayafi yenyewe. Lazima yafungwe na wote wawili, kwa hatua. Mmoja hutoa neno lisilo na mada, kama "basi" letu, na kwa neno hilo anampa mwenzake nafasi. Nafasi ya nini? Ya kutoa lile ambalo bado halijapata mahali pa kusemwa. Mwenzake akilipokea kwa "basi" yake, na asiongeze, mlango umefungwa. Akiongeza, mazungumzo yamefunguliwa upya. Kwa maneno mengine, "bon, basi" ya kwanza ni swali, ingawa haina umbo la swali. Mimi niliuliza swali nikaondoka kabla ya jibu.

Mtu atauliza: kwa nini asiseme mapema? Aliulizwa hali yake mara tatu katika simu ile ya Noeli. Mara zote tatu alijibu "niko muzuri". Je, alidanganya? Hapa ndipo ninapoona uchambuzi wa Kiswahili cha kwetu unaweza kuongeza kitu.

Linganisha na pwani na bara la Tanzania. Huko pia jibu la kwanza la "habari gani?" ni "nzuri", hata nyumbani kukiwa na msiba. Lakini mara nyingi hufuatwa na kiunganishi: nzuri, *ila* mtoto anaumwa. Salama, *isipokuwa* mzee hajambo kidogo tu. Habari mbaya inakaa jirani na salamu, katika zamu ile ile au inayofuata, na msikilizaji aliyelelewa vizuri husubiri "ila". Katika barua za zamani za Waswahili, zile za hati ya Kiarabu ambazo Büttner alichapisha mfano wake Berlin mwaka 1892, mpaka uko wazi zaidi: salamu kwanza, ndefu, kisha fomula ya "wa baadu", yaani baada ya salamu, ndipo jambo lenyewe. Hata barua za babu zetu za shuleni zilikuwa na "dhumuni la barua hii". Msomaji anajua amevuka kutoka wapi kwenda wapi.

Katika simu zangu saba "ila" ya namna hiyo haimo hata moja. Kambo hatumii kiunganishi baada ya "niko muzuri". Kwake jibu hilo linahusu kuweza kupokea mgeni. Nyumbani kwetu mgeni akiingia haambiwi matatizo ya nyumba akiwa amesimama. Hupewa kiti, maji, huulizwa habari za alikotoka mpaka ziishe. Mwenye nyumba husema yake mwisho, mara nyingi mgeni akiwa ameshanyanyuka, wakati wa kumsindikiza. Kusindikiza ndiko kwenye maneno. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa jambo zito njiani, hatua chache kutoka uani, na mzee aliyekaa naye mchana kutwa akizungumzia mvua?

Simu haina njia ya kusindikizana. Ina kitufe chekundu. Ninachopendekeza ni kwamba Kambo, na nadhani wazee wengi wa rika lake, wamehamishia kusindikiza katika kipande kile kidogo kati ya "basi" ya kwanza na kukatika kwa simu. Na neno linalofungua kipande hicho ni "tena". Katika Kiswahili sanifu tunalifundisha kama kielezi cha kurudia, au cha kuongeza. Katika simu hizi saba Kambo amelitumia mwanzoni mwa zamu mara tano, na mara zote tano ni baada ya "basi". Halirudii kitu. Linafanya kazi ya "wa baadu", ila limewekwa mkiani badala ya kichwani.

Niliyoyapata baada ya "tena" katika rekodi zangu ni haya: bati moja la nyumba limeng'oka, dada yake mdogo wa upande wa Kongolo hajaleta salamu tangu mvua zianze, nisiwasikilize wanaosema shamba limeuzwa (hapa nimevuka mpaka niliowekewa, na ninasimama), macho, macho tena. Mambo yote ambayo mjukuu anapaswa kuyajua kuhusu bibi yake yamo humo. Katika zile zamu ishirini na mbili za mwanzo halimo hata moja.

Nilitaka pia kuthibitisha jambo jingine, kwamba utani ni kipimo cha afya: siku asiponiita "bwana yangu", kuna ugonjwa. Tarehe 25 Desemba utani haukuwapo kweli. Lakini tarehe 1 Januari, siku aliyosema habari ya macho, utani ulikuwa mwingi kuliko siku zote. Dhana imekataliwa na data, na ninaiacha hapa ili mwingine asiifukuze bure. Huenda alinitania sana siku ile kwa sababu alikuwa ameamua kusema.

Kuhusu kimya nina la kuongeza. Gail Jefferson aliandika mwaka 1989 kwamba katika data yake ya Kiingereza kimya cha kama sekunde moja ndicho wazungumzaji wanachovumilia kabla ya mtu kufanya jambo. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake wa mwaka 2009 ulilinganisha kasi ya kujibu maswali katika lugha kumi za dunia. Kati ya kumi hizo moja ni ya Afrika, nayo ni ya Namibia na si ya Kibantu. Kwa hiyo sina mahali pa kupimia zile sekunde tatu za Kambo. Sehemu yake ni mtandao, ambao huchelewesha sauti. Sehemu nyingine huenda ni binti aliyekuwa akisogeza simu. Lakini mimi niliyelelewa na kimya chake naweza kusema kwamba ana kwa ana sekunde tatu za Kambo si kimya. Ni pumzi ya kuanza. Nilikuwa nimeishi mjini miaka minne, na sikio langu lilikuwa limejifunza kuhesabu kwa uniti.

Gharama ya sekunde moja ile nitaieleza, kwa sababu mwenzangu mmoja alinishauri niiondoe kwenye makala ili yabaki ya kisayansi. Tarehe 25 Desemba mjomba wangu anayeishi Kalemie alikuwa Kabalo, kama rekodi inavyosema: alikuya, akala kuku. Tarehe 28 alipanda treni kurudi. Kambo hakumwambia habari ya macho, maana alikuwa mgeni wake wa sikukuu. Alitaka niambiwe mimi kwanza: "Weye njo unasomaka." Mjomba angempeleka Kalemie kwa treni ile ile. Treni iliyofuata ilipita baada ya wiki tano. Daktari wa huko alikuta jicho moja lina mtoto wa jicho, ambalo hufanyiwa upasuaji na mtu akaona. Jicho la kushoto lilikuwa na presha, na nuru iliyopotea kwa presha ya jicho hairudi. Alimwambia mjomba kwamba wiki tano hazingebadilisha mengi. Nimeamua kumwamini.

Kwa wanaokwenda kukusanya data kama hii wakati wa Pasaka, nina mambo machache tu ya kiutendaji. Rekodi iache iendelee baada ya kuaga. Usisafishe mkia. Andika na maneno ya anayeshika simu, hata akisema "subiri" tu, na Kiluba, Kihemba au lugha yoyote inayoingia usiirukie kwa kuandika "haieleweki". Mara mbili Kambo alisema jambo kwa Kiluba, binti akanitafsiria kwamba hakuna kitu, na nilipompelekea rekodi mtu anayekijua Kiluba kuliko mimi, lilikuwa ni lile lile bati la nyumba. Na kama uniti ni chache, piga mara moja ndefu badala ya mara tatu fupi. Watu watatu niliokuwa na haraka ya kuwatakia Noeli njema siku ile wangeweza kusubiri hadi jioni.

Tangu Januari nimebadili namna ya kuaga. Baada ya "basi" yake sikati. Nauliza mimi, kwa neno lake: "Tena?" Najua kwamba kwa kufanya hivyo nimeiharibu data, maana sasa simu zetu si za asili tena na siwezi kuzitumia katika tasnifu. Mara ya kwanza alinyamaza, halafu akacheka, akamwambia binti kitu kwa Kiluba ambacho binti hakukitafsiri.

Jumapili iliyopita tulizungumza dakika kumi na nane. Upasuaji wa jicho la kulia umefanyika, na anaona mkono wake. Tulipofika kwenye kuaga nilisema "bon, basi", akasema "basi", nikauliza "tena?"

"Tena hakuna," akasema. "We mwenyewe, tena?"

Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Mtandao ulikuwa mzuri, nilisikia hata kuku wa jirani. Nikamwambia kwamba fedha za treni sijazipata, na kwamba mwezi wa saba sitafika.